Laki tatu ilivyotangulia filimbi: kisa cha kumuaga refa wetu hapa Dodoma

Shida yote ilianzia kwenye laki tatu.

Jumanne usiku, mi ndo katibu wa kamati ya kumuaga Mwalimu, nikarusha kwenye grupu la WhatsApp orodha ya michango kama tulivyozoea kwenye harusi na misiba, jina na kiasi, jina na kiasi, na juu kabisa namba moja nikaandika timu ambayo Jumapili inacheza fainali ya ndondo yetu, haya mashindano ya mpira ya mtaani, 300,000/=. Refa wa kati wa fainali hiyo ni nani? Ni huyo huyo Mwalimu tunayemchangia. Wala sikushtuka, nilikua nafurahi tu kwamba tumevuka nusu ya bajeti. Saa nne haijafika skrinshoti ishaingia kwenye grupu la timu ya upande wa pili, na voisi ya kwanza niliyoipokea ilikua ya kijana mmoja anasema "katibu, si mngetuambia mapema kombe mshampa nani, tusihangaike kununua jezi."

Nakieleza chote kama kilivyokua kwa sababu najua mitaa mingi watu wanaaga marefa wao hivi hivi kwa nia safi kabisa, na yetu ilikua safi, ila tulibakiza kidogo sana tumharibie mzee wa watu jina lake wiki ya mwisho ya kazi.

Mwalimu jina lake siliweki, hapendi. Alifundisha shule ya msingi mpaka akafika miaka 60 akastaafu kwa lazima kama watumishi wengine wa serikali, na urefa alianza akiwa kijana kwenye mashindano ya shule, haya ya UMITASHUMTA, maana mwalimu wa michezo ndo anaeachiwa filimbi. Akaenda kozi, akapanda daraja, akachezesha ligi za wilaya na mkoa, Mpwapwa, Kongwa, Kondoa, Bahi, kwa mabasi ya alfajiri na posho ambayo mara nyingi iliishia kwenye nauli na chai. Ligi Kuu hakuwahi kufika. Pale uwanja wa Jamhuri amekaa sana jukwaani kama sisi wengine kuangalia timu ya Dodoma Jiji, na ukikaa pembeni yake utaona mpira hauangalii kabisa, anaangalia refa kasimama wapi.

Filimbi yake ya kwanza ilikua ile yenye kigololi ndani. Sasa anaeijua Dodoma mwezi wa saba anajua ule upepo, vumbi jekundu linanyanyuka katikati ya uwanja mpaka golikipa wa upande wa pili humuoni, na vumbi likishaingia kwenye filimbi likachanganyika na mate kigololi kinaganda, unapuliza inatoka hewa tu. Ilimkuta kwenye penati, kapuliza haikulia, wachezaji wakaendelea, na kazi ya kurudisha watu wote nyuma aliifanya kwa mikono na sauti yake ya darasani. Alipopata Fox 40 isiyo na kigololi aliitunza kama cheti cha ndoa. Na kumbe hiyo filimbi nayo ilitengenezwa na refa, Ron Foxcroft wa Kanada, mtu wa mpira wa kikapu, filimbi ya kigololi ilimgomea uwanjani mwenyewe akaamua itafutwe dawa, ikaingia sokoni 1987. Hiyo habari Mwalimu anaipenda sana, ashanisimulia si chini ya mara tano.

Ila kitu cha kumjua Mwalimu ni kaunta buku lake. Anayo kadhaa, zimefungwa na mpira wa baiskeli, kila mechi ina mstari wake. Tarehe, timu, matokeo, kadi, hali ya uwanja, na safu ya mwisho kulia ameiandika kwa wino mwekundu, "makosa yangu". Nimezipitia kurasa nyingi kwa ruhusa yake. Unakuta "dk 63 nilikua mbali, sikuona mkono". Unakuta "kadi ya njano ya pili nilitoa kwa hasira". Unakuta mahali kaandika neno moja tu, "penati", na nilipomuuliza akaniambia ilikua ya uongo, mchezaji alijirusha yeye akaingia mkenge, na ile timu ikashuka daraja, na mpaka leo akikutana na aliyekua kocha wao anamsalimia kwanza yeye, japo yule ni mdogo kwake kwa miaka mingi.

Huyo ndo mtu tuliyetaka kumuaga.

Mpango ulianza vizuri tu. Mwalimu mwenyewe alitamka kwamba ndondo ya safari hii ndo ya mwisho, magoti yameanza kumsumbua na hataki siku moja akatoe uamuzi akiwa mita arobaini nyuma ya mpira. Waandaaji wakamkabidhi fainali, sisi tukaunda kamati ya watu saba, tukafungua grupu, namba ya mweka hazina ikawekwa, michango ikaanza kumiminika. Wachezaji wa zamani walioko Dar, Mwanza, mmoja yuko Oman, wazazi aliowafundishia watoto, madereva wa bajaji wa kijiweni, mama mmoja muuza matunda Sabasaba alituma elfu tano akaandika "ya Mwalimu, asante kwa kumrudisha mwanangu shule". Ikafika 812,000/= ikiwemo ile laki tatu ya timu.

Na timu ile siwalaumu. Kapteni wao alisoma kwa Mwalimu darasa la nne. Walichanga kama wanafunzi wake, wala hawakumpa mkononi, walituma kwa mweka hazina mchana kweupe na jina la timu juu. Mtu anaetaka kumhonga refa hatumi hela na jina. Lakini ndo hapo ninapotaka watu waelewe, nia ya anaetoa ni kitu kimoja, na hali anayoachwa nayo anaepokea ni kitu kingine kabisa.

Jumatano tulikaa kikao, na kilikua kirefu, kila mtu na lake. Mweka hazina akasema wepesi, timu ya pili nao waambiwe watoe laki tatu, mizani ikae sawa. Wengi walitikisa kichwa kukubali na mi nilikua mmojawapo, mpaka mzee mmoja wa mtaa akauliza sasa hao wa pili watatoa kwa upendo au kwa kuogopa? Kimya. Ni kweli, wa kwanza walitoa kwa hiari, wa pili wangetoa kama watu wanaolipia usalama, na mwisho wa siku ungekua na refa anaingia uwanjani akiwa amelipiwa na timu zote mbili, halafu unasema ndo haki.

Mwingine akasema wa kwanza warudishiwe hela yao yaishe. Hapo nako pagumu. Ukiwarudishia peke yao unakua umewatangaza kwamba walihonga, na Jumapili Mwalimu akiwapa wao faulo moja tu watu watasema kumbe kweli alinunuliwa, akiwanyima watasema analipiza ile aibu. Wa tatu akataka refa abadilishwe kimyakimya, aseme anaumwa. Hilo ndo lingekua baya kuliko yote, mtu kachezesha miaka zaidi ya thelathini halafu fainali yake ya kuagwa anatolewa siku nne kabla baada ya skrinshoti ya hela, nani ataamini anaumwa?

Kijana mmoja aliyepita kozi ya waamuzi akatusomea kwenye simu kanuni za maadili za FIFA, zile za zawadi. Zinaruhusu kitu kidogo cha kumbukumbu, kisicho na thamani ya maana, kisichoelekea kumshawishi mtu, ila hela taslimu zinakataza ya kiasi chochote kile. Kweli ndondo ya mtaani haipo chini ya FIFA, hakuna kamisaa wala mtathmini wa waamuzi, ila kusikia "kiasi chochote" mi nilinyamaza. Nilikua nimejishika kwenye hoja kwamba laki tatu ukigawa kwa wachezaji ishirini na kitu ni kama elfu kumi na tatu tu mtu.

Akaongeza na habari ya Collina. Pierluigi Collina, refa wa fainali ya Kombe la Dunia 2002, huyo mwenye kipara ambae hata asiyejua mpira anamjua sura, aliondoka 2005 bila hata mechi ya kuagwa. Italia walishamuongezea mwaka juu ya kikomo cha miaka 45, lakini akasaini tangazo na Opel, kampuni ya magari, na Opel walikua wadhamini wa AC Milan, ukazuka mgogoro akaandika barua akajiuzulu. Hakuna aliyesema kauza mechi. Tatizo lilikua hela inatoka mfuko ule ule unaoilipa timu atakayoichezesha, basi.

Tukakubaliana twende kwa mwenyewe, maana tulikua tunamjadili mtu ambae hata hajaambiwa.

Alhamisi jioni tulienda watatu. Baridi ya mwezi wa saba, amekaa kibarazani na sweta, mguu kaunyoosha juu ya kistuli. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba wanangu, karibuni, mbona mko kama mnaleta msiba." Mama, mke wake, akaleta chai. Mi ndo nikaambiwa nieleze kwa kua mi ndo niliyerusha orodha, nikaeleza mwanzo mpaka mwisho, hakunikatisha hata mara moja. Nilipomaliza aliingia ndani akarudi na lile kaunta buku la mwisho, akalifungua ukurasa ambao ameshauchorea mistari ya fainali, tarehe imeandikwa tayari, majina ya timu yameandikwa, safu zingine tupu.

Akaweka kidole kwenye ile safu nyekundu. "Katibu, Jumapili nikikosea, hapa nitaandika nini?"

Sikuelewa. Nikasema Mwalimu si utaandika kosa lako kama siku zote. Akasema hapana. "Siku zote nikikosea nakua nimekosea. Jumapili nikikosea nitakua nimelipa fadhila. Mmeninyang'anya kukosea."

Nimekaa na hayo maneno mpaka leo. Sisi tulikua tunaogopa Mwalimu asije akapendelea, na kila mtu pale alijua hawezi. Yeye anaogopa kitu kingine. Refa anakosea, hata wenye VAR, ile video ya marudio, na skrini pembeni wanakosea, na heshima yake yote imesimama juu ya watu kukubali kwamba alikosea kwa macho na sio kwa mfuko. Ukimpa hela kabla ya mechi, hata iwe ya upendo kiasi gani, umeiondoa hiyo. Kuanzia hapo hana kosa la bahati mbaya tena, kila kosa lina bei.

Akatoa uamuzi kama anavyotoa uwanjani, mfupi na hajadiliani. Michango ya timu zote irudishwe, sio ya timu moja tu, kwa sababu tuligundua kuna timu mbili zilizotolewa robo fainali nazo zilichanga elfu hamsini hamsini. Ya watu binafsi ibaki ila orodha isirushwe tena na hela isiguswe mpaka mashindano yaishe. Na fainali hachezeshi. Tukamsihi sana hapo. Nilimwambia Mwalimu ukijitoa watu watasema ni kweli. Akasema "nitajitoa mwenyewe mbele yao, na sababu nitaisema mwenyewe", na akasema fainali achezeshe yule binti ambae amekua akimshikia kibendera misimu miwili, aliyempeleka kozi yeye mwenyewe. Yeye apewe mechi ya watoto ya utangulizi, saa nane mchana.

Tulipokua tunaaga, Mama alisema kitu kimoja tu kutokea mlangoni. "Mnamchangia zawadi, vizuri. Na posho ya mwaka juzi, nusu fainali na fainali?" Kumbe waandaaji walibaki wanadaiwa 80,000/= na Mwalimu hakuwahi kuidai. Hii nayo iwekwe wazi maana iliniuma kuliko ile skrinshoti, tulikua tunakaribia kumkabidhi mtu kwa makofi hela ambayo sehemu yake ni jasho lake mwenyewe. Kesho yake ililipwa kutoka mfuko wa mashindano, akasaini, na haikuhesabiwa kwenye zawadi.

Ijumaa jioni timu zote mbili ziliitwa uwanjani baada ya mazoezi. Mwalimu aliongea kama dakika tatu. Kapteni wa timu ya laki tatu alitaka kuomba msamaha, Mwalimu akamzuia, akamwambia "hujanikosea mwanangu, umeniwahi tu". Yule kijana wa voisi ya jezi nae alikuwepo, kasimama nyuma kabisa.

Jumapili saa nane jua la wima, watu bado wachache, turubai linafungwa, jamaa wa muziki anajaribu spika. Watoto chini ya miaka 13, wengine peku, wengine viatu vya kaka zao. Na Mwalimu kavaa kamili, soksi zimepandishwa, kadi mfukoni, saa mbili mkononi, moja anaisimamisha moja haigusi, kama vile anachezesha fainali ya taifa.

Kipindi cha pili kipa mmoja mdogo hivi, timu yake inaongoza moja bila, akadaka mpira akaukumbatia, akaanza kuchelewesha kama anavyoona wakubwa wanafanya. Mwalimu akanyanyua mkono juu, vidole vitano wazi. Akakunja kimoja. Akakunja cha pili. Uwanja mzima hatuelewi, mtoto nae kaganda anaangalia vile vidole vinavyoisha, kilipokunjwa cha mwisho filimbi ikalia na mkono ukaelekea kona. Zogo likaanza, mama wa kipa anapiga kelele kona ya nini. Ile ni sheria mpya ya 2025, kipa akishika mpira zaidi ya sekunde nane inapigwa kona, na refa anahesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole ili kila mtu aone. Zamani ilikua sekunde sita na adhabu yake faulo ya kupasiwa, ile isiyofungwa moja kwa moja golini, marefa karibu wote wanaipotezea. Pale uwanjani nadhani watu watatu tu ndo walikua wanaijua, Mwalimu, yule binti, na yule kijana wa kozi. Kona ikapigwa, mpira ukagonga magoti ya watu wawili ukaingia. Moja moja.

Kabla mpira haujawekwa kati alimfuata yule kipa, akainama, goti likamkatalia kidogo akaweka mkono kwenye mwamba, akamuonyesha tena vile vidole pole pole, kimoja kimoja, na mtoto akawa anahesabu nae. Mzee anastaafu dakika kumi na tano zijazo na anafundisha sheria ambayo yeye mwenyewe hataitumia tena. Wakati alianza urefa hata ile ya kipa kutodaka pasi ya beki wake ilikua haipo, imekuja 1992.

Filimbi ya mwisho timu zote mbili za fainali zilishatoka kupasha misuli, zikajipanga mistari miwili bila kuambiwa na mtu wa kamati, akapita katikati na mpira kwapani. Hakuna aliyempa kitu. Walimpigia makofi tu, na kule nyuma ya goli wamama wakapiga vigelegele. Fainali ikaenda vizuri, binti alikua imara, ile timu ya laki tatu ikafungwa kwa penati moja halali ambayo hata wao hawakuibishia.

Hela za zawadi zilihesabiwa Jumatatu, na zikaongezeka, maana wachezaji wa timu zote walichanga upya, safari hii mtu mmoja mmoja kwa jina lake. Tukanunua mtamba wa ng'ombe kule Kibaigwa mnadani, kwa sisi Wagogo hakuna zawadi inayoeleweka zaidi ya hiyo, na kiasi kilichobaki akapewa Mama kwenye bahasha. Wapo waliosema tumemnyima mzee fainali yake kwa maneno ya watu, na mpaka leo wapo wanaoshikilia hivyo. Mi nilikua nao mpaka ile Alhamisi. Na waandaaji wameandika kwenye kanuni za ndondo kwamba refa akiagwa timu haichangi kama timu, na hakipokelewi chochote mpaka kombe likabidhiwe.

Kuna elfu ishirini iliingia ile Jumatano ya kikao, namba ngeni, mweka hazina amepiga haipatikani, na jina lililokuja kwenye meseji hakuna anaelijua. Tulimuuliza Mwalimu tuiunganishe kwenye bahasha ya Mama, akauliza mna uhakika sio ya timu. Hatuna. Basi bado iko kwenye simu ya mweka hazina.